Jawabu Sahihi Halitoshi: Namna ya Kukijaribu Kiunganishi cha Lugha Mbili za Kompyuta

Mwanafunzi wa takwimu anayeandika kwa lugha ya Python mstari mmoja tu wa kuzidisha majedwali mawili makubwa ya nambari, akapata jawabu kabla hajaondoa mkono wake kwenye kibodi, aghalabu hudhani kwamba Python ndiyo iliyoitenda kazi ile. Haikuitenda. Python ilipokea amri, ikaikabidhi kwa maktaba iitwayo NumPy, na NumPy nayo ikaiteremsha kwenye fanksheni zilizoandikwa kwa lugha ya C au ya Fortran, ambazo zilikwisha kugeuzwa zamani kuwa maagizo ya mashine yenyewe. Huko chini ndiko kuzidisha kulikofanyika, na nambari zilizopatikana zikarudishwa juu zikiwa katika sura ambayo Python huitambua. Hesabu zilizosaidia kutoa picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani, ile iliyotangazwa ulimwenguni tarehe 10 Aprili 2019, zilipita katika njia hiyo hiyo, na ndivyo zipitavyo leo hesabu nyingi za mabenki, za maabara, na za hizi mashine zinazosemwa kuwa zina akili.

Lugha za kompyuta, kwa suala letu hili, ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo maandishi yake husomwa yote na programu iitwayo kompaila, ikayafasiri kuwa maagizo ya mashine kabla kazi haijaanza. Ndivyo ilivyo Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, na ndivyo ilivyo C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha hizi zina kasi kubwa, lakini C hasa ni kali kwa mwandishi wake: kila kipande cha kumbukumbu alichokiomba kwa kompyuta sharti akirudishe mwenyewe, na akisahau, au akikirudisha mara mbili, hapana wa kumwonya. Ya pili ni lugha za skripti, ambazo maandishi yake hutekelezwa papo hapo na programu nyingine iliyo macho wakati wote. Katika hizi imo Python, aliyoianza Guido van Rossum mjini Amsterdam mwezi wa Desemba 1989. Imo Lua, iliyozaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro. Imo R ya Auckland, na imo Ruby ya Japani. Hizi ni pole, ni nyepesi kujifunza, na husafisha kumbukumbu zenyewe, ila ni nzito katika hesabu ndefu.

Madhali kila namna ina fadhila ambayo mwenziwe hana, mafundi waliona tangu mapema kwamba lililo jema ni kuzikutanisha. Tcl, aliyoibuni John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka 1988, ilikusudiwa tangu mwanzo kutiwa ndani ya programu za C. Na katikati ya miaka ya 1990 David Beazley, alipokuwa akifanya kazi Los Alamos, alitengeneza chombo kiitwacho SWIG, kinachosoma matangazo ya fanksheni za C na kuandika chenyewe sehemu kubwa ya maandishi yanayohitajika ili lugha ya skripti iweze kuziita. Baada yake vikaja vyombo vingi, pybind11 kwa wapenzi wa C++ na PyO3 kwa wapenzi wa Rust vikiwa miongoni mwao. Maandishi hayo ya katikati, ambayo si ya upande huu kamili wala si ya upande ule kamili, ndiyo kiunganishi, na namna ya kuyajaribu ndilo jambo ninalotaka kulieleza.

Kiunganishi kina kazi ya mkalimani aliyeketi baina ya watu wawili wasiosikilizana. Mmoja hutaja nambari akikusudia nambari isiyo na ukomo, na mwenziwe akafahamu kitu chenye nafasi ya baiti 4 tu. Mmoja hutoa kitu kwa kuazima, na mwenziwe akakipokea kana kwamba amepewa moja kwa moja. Mkalimani akikosea, hakuna kati ya wale wawili awezaye kulitambua kosa, kwa kuwa kila mmoja amesikia maneno yenye maana katika lugha yake. Mwenye fanksheni ya C ameijaribu kwa C na ameridhika. Mwenye programu ya Python ameijaribu ya kwake kwa Python na ameridhika. Na mahali pa katikati, ambapo thamani hubadili umbo na milki hubadili mikono, pamebaki bila ya mlinzi. Lililo baya zaidi ni kwamba jaribio la kawaida, yaani kuiita fanksheni mara moja na kutazama kama jawabu ni lile lililotarajiwa, karibu halisemi kitu juu ya mahali hapo. Rai yangu ni kwamba katika viunganishi jawabu sahihi ndilo ushahidi dhaifu kuliko ushahidi wote, na kwamba mjaribu anapaswa kutazama zaidi yaliyobaki nyuma baada ya jawabu kutolewa.

Msomaji mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuupata mfano wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Tangu toleo la 2.5, lililotoka mwaka 2006, Python imekuwa na moduli iitwayo ctypes, ambayo humwezesha mtu kuita fanksheni za C pasipo kuandika hata mstari mmoja wa C. Chukua maktaba ya hesabu ya mfumo, libm, uiite fanksheni yake ya sqrt, ambayo kazi yake ni kutafuta kipeuo cha pili, uipe nambari 2. Unatarajia 1.4142135623730951. Utakachopata ni nambari nzima isiyo na nasaba yoyote na 2, na hutapata onyo. Sababu ni kwamba ctypes, isipoambiwa vingine, huchukulia kwamba kila fanksheni ya C hurudisha nambari nzima, ilhali sqrt hurudisha nambari ya desimali. Tena, katika prosesa za kawaida za leo nambari nzima na nambari za desimali hupitishwa katika rejista tofauti, basi sqrt imeitafuta hoja yake mahali ambapo haikuwekwa, na Python imelichukua jawabu mahali ambapo halikuwekwa. Mtu akitangaza aina ya hoja na aina ya jawabu, jambo la mistari miwili, mambo hunyooka.

Kosa hilo angalau hufichuka upesi, kwa kuwa jawabu lake ni upuuzi mtupu. Ndugu yake ni mbaya zaidi. Fanksheni inayorudisha anwani ya mahali katika kumbukumbu, ikiitwa kwa njia hiyo hiyo bila ya tangazo, hukatiwa anwani yake kutoka biti 64 hadi 32. Na pindi anwani ikitokea kuwa ndogo, haipotezi kitu katika kukatwa, majaribio yakapita yote, hadi siku programu itakapopewa sehemu nyingine ya kumbukumbu na kuanguka mbele ya mteja.

Nambari peke yake zingetosha kujaza makala nzima. Nambari nzima ya Python haina mpaka ila mpaka wa kumbukumbu, na ile ya kawaida ya C huishia kwenye 2147483647. Wanaoandika kiunganishi kwa mkono hutumia fanksheni iitwayo PyArg_ParseTuple, ambayo huelezwa kwa herufi moja moja aina ya kila hoja inayongojewa. Herufi i ndogo husimamia nambari nzima inayokubali kuwa hasi, na thamani ikizidi nafasi yake Python hutangaza hitilafu, kama inavyostahili. Herufi I kubwa husimamia nambari nzima isiyokubali hasi, nayo kwa miaka mingi haikukagua ukubwa hata kidogo: ukiipa 4294967297 hupokea 1, ukiipa 4294967296 hupokea sifuri. Herufi ni moja, kubwa badala ya ndogo, na muamala wa zaidi ya bilioni 4 umekuwa si kitu.

Kwa hiyo mjaribu hodari hachagui 5 na 7 na 100, ambazo hupita kila mahali. Huchagua nambari zilizo mpakani: sifuri, hasi moja, 2147483647 na inayoifuata, na zile zilizo pande mbili za 4294967296. Kwa Lua ya kabla ya toleo la 5.3, ambayo nambari zake zote zilikuwa za desimali, na kwa JavaScript, huongeza 9007199254740993, maana hiyo ndiyo nambari nzima ya kwanza ambayo desimali ya baiti 8 haiwezi kuihifadhi kama ilivyo. Kisha hutia visivyo nambari kabisa: None, orodha tupu, neno. Asiyependa kuziwaza mwenyewe ana msaada wa Hypothesis, maktaba ya David MacIver, ambayo huzua thamani kwa wingi, na ikipata moja inayovunja huipunguza mpaka ibaki ndogo kabisa yenye kuvunja vilevile. Katika mambo haya mjaribu hatafuti jawabu. Anatafuta kukataliwa kulikotangazwa waziwazi.

Maneno nayo yana mtego wake, na hapa Mswahili ana silaha ambayo Mwingereza hana. Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kirumi hakitoki nje ya zile alama chache ambazo katika mpangilio wa UTF-8 kila moja huchukua baiti moja. Basi neno kalamu lina herufi 6 na baiti 6, na kiunganishi kinachochanganya hesabu ya herufi na hesabu ya baiti hulipitisha bila ya doa. Liandike neno hilo hilo kwa khati ya Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika washairi wa Lamu na Mombasa, kwa qafu, lamu na mimu pamoja na irabu zake tatu, na sasa alama ni 6 vilevile ila baiti ni 12. Fanksheni ya C iliyoambiwa kwamba urefu ni 6 itarudisha nusu ya neno, wala haitaona haya. Ningependa kuona beti chache za utenzi wa kale, katika khati yake ya asili, zimetiwa katika majaribio ya kila maktaba inayogusa maandishi. Fauka ya hayo, C huujua mwisho wa neno kwa kuona baiti yenye thamani ya sifuri, ilhali neno la Python laweza kubeba sifuri hiyo katikati. Jina la faili lenye sifuri ndani huonekana refu upande mmoja na fupi upande wa pili, na wavamizi wa mitandao wamekwisha kuitumia tofauti hiyo kufungua mafaili wasiyoruhusiwa.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya nje. Kiini cha taabu ya viunganishi ni milki: nani mwenye kitu, nani ameazima, na nani ana wajibu wa kukitupa. Katika Python ya kawaida, ile iliyoandikwa kwa C, kila kitu hubeba hesabu ya wanaokirejea. Anayekishika huongeza moja, anayekiacha huondoa moja, na hesabu ikifika sifuri kitu huvunjwa na nafasi yake hurudishwa. Mwandishi wa Python haioni hesabu hii. Mwandishi wa kiunganishi ndiye anayeiendesha kwa mkono wake, naye sharti akumbuke kwamba fanksheni za ndani za Python hazina ada moja. PyObject_GetAttrString humpa milki, na ni juu yake kuiachia baadaye. PyList_GetItem humwazima tu, na si halali kwake kuachia kisicho chake. PyList_SetItem hukitwaa moja kwa moja kile alichoipa, hata pale inaposhindwa kazi yake. Akisahau kuachia, kumbukumbu huvuja kidogo kidogo. Akiachia cha mwenziwe, kitu huvunjwa mikononi mwa anayeendelea kukitumia.

Tutazame kosa dogo kuliko yote. Fanksheni isiyo na la kujibu hurudisha None, na None ni kitu kimoja tu katika programu nzima, kinachorejewa na kila upande. Mwandishi wa C anayeamuru None irudishwe pasipo kwanza kuongeza hesabu yake amekosea, kwa sababu aliyeita, akishamaliza nayo, huiondolea moja ambayo haikuongezwa. Iite fanksheni hiyo mara moja: jawabu ni None, na jaribio limepita. Iite mara kumi: vivyo hivyo. Lakini kila wito umeipunguza hesabu, ambayo huanza ikiwa katika maelfu, na siku programu itakapokuwa imeiita mara za kutosha, hesabu itagusa sifuri, na Python itasimama ghafla ikitangaza kwamba None inavunjwa. Mahali itakapoangukia hapatakuwa na uhusiano wowote na mahali penye kosa, na fundi atakesha akiihoji mistari isiyo na hatia.

Dawa yake ni jaribio lisilotazama jawabu hata kidogo. Python ina fanksheni ya sys.getrefcount, inayotaja hesabu ya marejeo ya kitu. Mjaribu huichukua hesabu hiyo, akaita fanksheni yake mara 1000, akaichukua tena, na hesabu ikiwa imepanda au imeshuka kwa kiasi cha 1000, kosa limekamatwa. Wenye Python wenyewe hufanya hivyo kwa mapana zaidi: katika Python iliyotengenezwa kwa ajili ya uchunguzi, huyarudia majaribio yao mara kadhaa, wakazipuuza zamu za kwanza kwa kuwa humo hifadhi za ndani zinajaa, kisha wakalinganisha jumla ya marejeo yote kati ya zamu zinazofuata. Jumla ikipanda kwa kiasi kile kile kila zamu, kuna mvujo.

Kuna tanbihi moja hapa. Tangu toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023, None na vitu vingine vichache vimefanywa visivyokufa: hesabu yake haisogei, hata mtu akiiongeza au akiipunguza. Kosa nililolieleza halidhuru tena katika toleo hilo, na kwa sababu hiyo hiyo halionekani tena. Kiunganishi hicho hicho kikitengenezwa kwa Python ya zamani huanguka kama kilivyoanguka siku zote. Anayejaribu kwa toleo jipya peke yake amejifunga kitambaa machoni.

Kuhusu kuazima, nyaraka za Python zenyewe husimulia kisa, na husisitiza kwamba ni cha kweli. Fanksheni ya C inaazima kitu cha kwanza katika orodha, kisha inaweka sifuri mahali pa kitu cha pili, kisha inakichapisha kile cha kwanza. Ni mistari mitatu inayoonekana haina madhara asilani. Lakini kuweka sifuri mahali pa kitu cha pili ni kukivunja kitu kilichokuwapo, na kitu hicho kikiwa na njia yake ya kuaga iitwayo __del__, iliyoandikwa kwa Python na mtu yeyote, njia hiyo huendeshwa hapo hapo. Nayo ina uwezo wa kuifikia orodha na kukiondoa kile cha kwanza. Kilichoazimwa kimetoweka, na C inachapisha mahali palipokwisha kuvunjwa. Kosa la namna hiyo lilikuwamo katika Python ya zamani, na kuna mtu aliyepoteza muda mwingi akilitafuta. Tiba yake ni kuongeza hesabu kabla na kuipunguza baada. Kwa mjaribu, kisa hiki kina faida moja kubwa: kinamwonyesha kwamba vitu anavyovipitisha kwenye kiunganishi visiwe vya adabu tu. Na avitie vyenye hila, ambavyo vikilinganishwa huifuta orodha vilimokaa, vikivunjwa huita fanksheni ile ile iliyokuwa ikivivunja.

Lugha nyingine hazitegemei hesabu ya marejeo katika kutupa vitu, bali zina msafishaji anayepita mara kwa mara na kuondoa visivyotumika. Katika R, mwandishi wa C hutakiwa kukilinda kwa PROTECT kila kitu kipya alichokiunda; asipokilinda, kitabaki salama mpaka msafishaji apite, na msafishaji hupita mara chache, kiasi cha kwamba kosa laweza kujificha miaka. Wenye R wakaweka amri waliyoiita gctorture, inayomlazimisha msafishaji kupita kila kumbukumbu inapoombwa, na Ruby ina ya kwake iitwayo GC.stress. Kazi ya dakika hugeuka ya saa. Hata hivyo naliona kuwa ni jaribio lenye tija kuliko yote katika lugha za namna hii, na sijui kwa nini wengi hulikumbuka baada ya ajali.

Vyombo vya kuchunguza kumbukumbu vipo viwili vinavyojulikana zaidi: Valgrind, aliyoianzisha Julian Seward na kutolewa mwaka 2002, na AddressSanitizer, iliyotoka kwa mafundi wa Google na kuelezwa hadharani mwaka 2012. Cha kwanza huiendesha programu yoyote polepole na kulikagua kila gusio la kumbukumbu. Cha pili hutiwa na kompaila ndani ya programu yenyewe, na kasi yake ni bora. Anayevitumia kwa Python lazima ajue kunga moja. Python haiombi kumbukumbu ya vitu vidogo kimoja kimoja kwa mfumo. Huomba eneo kubwa, kisha ikakata vipande vya hadi baiti 512 na kuvigawa yenyewe, basi mchunguzi huliona eneo zima kuwa ni halali na haoni lolote linalotendeka ndani yake. Tangu toleo la 3.6 mtu huweza kuuzima ugawaji huo kwa kuweka PYTHONMALLOC=malloc, na ghafla chombo kilichokuwa kimya huanza kusema.

Lua ina njia ya peke yake, nayo nitaipitia kwa haraka. Kila kinachopita baina yake na C huwekwa juu ya rundo, na fanksheni ya C huhakikishiwa nafasi 20 tu. Inayorundika zaidi bila ya kuomba nafasi hupita ikijaribiwa kwa jedwali la vitu vitano na kuharibika kwa jedwali la vitu mia. Kadhalika orodha za Lua huanza na moja, na za C huanza na sifuri, kwa hiyo kitu cha kwanza na cha mwisho sharti vijaribiwe kwa majina yao.

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni ile ya kushindwa. Fanksheni ya C iliyoitwa na Python, ikishindwa, inatakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuweka tangazo la hitilafu na kurudisha kielekezi kitupu. Ikifanya moja na kuliacha la pili, Python hutoa SystemError, ambayo mtumiaji hawezi kuielewa wala haimhusu. Tena, kabla ya kuondoka, inapaswa kuachia yote iliyokwisha kuyashika. Hapo ndipo mivujo mingi inapokaa: fanksheni imeshika vitu vitatu, ikashindwa kwenye cha nne, ikatoka mbio na kuviacha vitatu. Jaribio la mafanikio halifiki huko asilani. Wenye Python, katika majaribio yao ya ndani, wana fanksheni ya set_nomemory, ambayo hufanya maombi ya kumbukumbu yakataliwe kuanzia ombi la kadiri fulani. Mjaribu hukataza kuanzia ombi la kwanza na kuona kama kiunganishi kinatangaza MemoryError kwa heshima. Kisha huacha la kwanza lipite na kukataza kuanzia la pili. Kisha la tatu. Na huendelea hivyo mpaka fanksheni iweze kumaliza kazi yake yote. Ni kazi ya kuchosha, na hugundua makosa ambayo jicho la msomaji hodari limeyapita mara nyingi.

Ipo pia hali ya kinyume, pale C inapoita fanksheni ya Python iliyokabidhiwa na mtumiaji, mathalan ya kulinganisha vitu viwili wakati wa kupanga orodha, na fanksheni hiyo ikatoa hitilafu. C haijui hitilafu ni nini. Katika ctypes hitilafu hiyo huchapishwa pembeni, na C huendelea kupanga kana kwamba hakuna lililotokea, ikarudisha orodha isiyopangwa vyema. Vyombo vipya vina uangalifu zaidi. Pybind11 huzigeuza hitilafu za C++ kuwa za Python, na PyO3 hufanya mfano wa hayo kwa Rust. Lakini atakayetegemea uangalifu wa chombo bila ya kuandika jaribio lenye fanksheni inayoshindwa kwa makusudi, huyo anakisia.

Mambo haya hayajatulia, na nyuzi za utendaji, yaani kazi kadhaa zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja, zimeyachochea upya. Kwa miaka mingi Python ya kawaida imekuwa na kufuli moja kubwa linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, na viunganishi vingi viliishi kwa amani chini ya kufuli hilo pasipo kujua kwamba vinalitegemea. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilileta kwa majaribio Python isiyo na kufuli, kwa kufuata pendekezo la Sam Gross. Katika Python hiyo kile kitu kilichoazimwa kwa PyList_GetItem chaweza kuondolewa na uzi mwingine wakati wowote, pasipo hila ya __del__. Ndiyo sababu toleo hilo hilo likaleta PyList_GetItemRef, inayotoa milki badala ya kuazima. Viunganishi vilivyopita majaribio yake yote jana vinahitaji kujaribiwa upya leo, kwa nyuzi nyingi zinazoita kwa pamoja.

Nikiulizwa majaribio yaandikwe kwa lugha gani, nitasema ni ile ya skripti, maana huko ndiko anakosimama mtumiaji. Na yasirudie kuthibitisha hesabu ambayo mwenye maktaba ya C amekwisha kuithibitisha. Nimeona majaribio marefu ya viunganishi yaliyojaa thamani za saini na kosaini, ambayo hayana hata moja linalopitisha None. Wala mtu asighurike na ripoti ya chombo kinachohesabu mistari iliyopitiwa na majaribio: kinachohesabu mistari ya Python hakioni ndani ya C, basi asilimia 100 yake haisemi lolote juu ya mahali penyewe penye hatari.

Zana zote nilizozitaja hapa hupatikana bila ya malipo, na kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi yatosha kuziendesha. Ombi langu kwa vijana wetu wanaoandika viunganishi, wawe Dar es Salaam, Nairobi au Toronto, ni hili: kabla hamjavitoa kwa watu, yachukueni majaribio yale yale mliyonayo, myarudie mara elfu chini ya AddressSanitizer, kwa toleo la zamani kuliko yote mnalodai kulihudumia, na mhesabu vilivyobaki katika kumbukumbu.